Kabla Hujagusa Kibakuli: Vituko vya Tarantula na Maji, Dalili kwa Dalili

Umeamka asubuhi, umefungua kizimba, na kibakuli cha maji ulichokijaza jana jioni hakionekani. Kimefukiwa. Juu yake kuna kichuguu cha udongo, na mwenyewe ametulia kona ya pili, hana habari. Unakifukua, unakiosha, unakirudisha, keshokutwa mambo ni yale yale. Wanaoanza kufuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, huniuliza kuhusu hili kuliko hata chakula, na nyuma ya swali kuna wasiwasi wa kweli: anaumwa? Hataki maji? Nimekosea wapi?

Mara nyingi haumwi. Kibakuli ni kitu anachokinywea, anachokihamisha, anachokichafua na anachokifukia, kwa hiyo shida za udongo, joto na unyevu hujitokeza hapo kabla ya kuonekana kwingine. Lakini wachache huwa wanaumwa kweli, na hao hawana muda wa kukusubiri. Kama tarantula wako amekunja miguu yote chini ya kidari, ile sehemu ya mbele ya mwili yenye miguu, au ana kitu cheupe kinachong'aa kati ya meno, acha kusoma hapa na ushuke moja kwa moja kwenye sehemu mbili za mwisho.

Wengine wote, kabla hujagusa kibakuli, kagua vitu viwili. Kwanza tumbo. Tarantula mwenye maji ya kutosha ana tumbo la mviringo, lililojaa kama zabibu mbichi. Aliyekaukiwa tumbo lake hunywea na kufanya mikunjo kama zabibu kavu. Litazame kwa juu ulilinganishe na gamba la kidari: tumbo likiwa jembamba kuliko kidari, huyo ana kiu, ana njaa, au vyote viwili. Pili, udongo. Chomeka kijiti hadi chini ukichomoe, uone kumelowa kwa kina gani. Juu panaweza kuwa pakavu kabisa huku chini kukiwa na matope, au kinyume chake, na macho peke yake hayakwambii.

Tumbo linatangulia kwa sababu ya jinsi mnyama huyu anavyotembea. Mguu wake una misuli ya kuukunja, lakini kwenye viungo vyake viwili vikubwa hauna misuli ya kuunyoosha. Unanyooshwa na shinikizo la damu inayosukumwa kutoka kidarini, mfano wa jeki inayoinua gari kwa mafuta. Maji yakipungua mwilini, shinikizo linashuka na miguu inajikunja yenyewe. Tarantula anaweza kukaa miezi bila kula akiwa mzima. Bila maji hafiki mbali.

Anafukia kibakuli

Sababu kubwa ni kwamba anachimba, na udongo anaoutoa lazima autupe mahali. Huwezi kuamini mpaka umwone. Nina jike wa Tliltocatl albopilosus, wale wenye nywele zilizojikunja, aliyenifukia kibakuli karibu miezi mitatu. Nilibadilisha maji, nikabadilisha chombo, nikapunguza unyevu, hakuna kilichosaidia. Usiku mmoja nikazima taa ya chumba, nikawasha tochi hafifu pembeni na kukaa. Alitoka kwenye shimo lake kinyumenyume, amekumbatia donge la udongo lenye ukubwa wa punje ya hindi, limeshikwa na nyuzi chache za utando lisipukutike. Akaligeuza, akatembea hadi kwenye kibakuli, akalitua ndani, akaligandamiza mara mbili kwa vile vipapasi vya mbele, akarudi kuchukua jingine. Maji hayakumhusu. Nilikuwa nimeweka kibakuli mahali pake pa kumwaga kifusi.

Kesho yake nilikihamishia upande wa pili. Kimebaki safi tangu siku hiyo, na kifusi kinaendelea kurundikana kona ile ile ya zamani.

Kwa hiyo tafuta mlango wa shimo, angalia udongo unatokea wapi na unamwagwa wapi, kisha weka kibakuli nje ya njia hiyo. Ukingo wake uwe juu ya udongo kidogo, kama sentimita moja, ili kinachoviringika kisianguke ndani. Ikiwa ni aina inayoishi mashimoni na umempa udongo wa vidole vitatu tu, atahamisha udongo wa kizimba kizima akitafuta kina ambacho hakipo. Mpe udongo wa kina cha sentimita 15 hadi 20, au zaidi kwa mkubwa, ulioshindiliwa usiporomoke, na umtobolee mwanzo wa shimo kwa kidole chini ya kipande cha gome. Wengi huukubali mwanzo huo usiku wa kwanza.

Aina za maeneo makavu, kama Grammostola rosea wa Chile, nazo huonekana zikisukumia udongo mkavu pale palipolowa. Ukiona kifusi kiko upande mmoja wa kibakuli tu, upande uleule maji yanapomwagikia, punguza kufurisha. Maji yabaki ndani ya chombo.

Jambo moja ninalolisisitiza kwa kila mtu: usije ukaamua kuondoa kibakuli moja kwa moja eti kwa kuwa hakitaki. Jaza tena, hata ikiwa ni mara mia.

Anayashambulia maji ukiyamimina

Unamimina taratibu, ghafla anaruka kutoka alikojificha, meno nje, anaupiga mkondo wa maji. Au anainua miguu ya mbele na kusimama wima kama anayesema usithubutu. Wengi hudhani anayaogopa maji au ni mkali kupita kiasi.

Tarantula ana macho manane lakini yanamsaidia kidogo sana. Dunia yake anaijua kwa mitikisiko. Miguuni ana vinyweleo virefu na vyembamba mno vinavyosikia hata hewa ikisogea, na maji yanayoporomoka toka juu yanatikisa hewa na udongo kwa pamoja, sawa na mdudu anayehangaika au adui anayekaribia. Hajui ni maji mpaka ayaguse. Akishayagusa, mara nyingi hutulia papo hapo, kwa sababu ncha za miguu yake zina vinyweleo vya kuonjea. Hicho ndicho unachokiona akija ukingoni na kuchovya mguu mmoja majini, anautoa, anachovya tena: anaonja kwa mguu.

Hatari iko kwako na kwa meno yake. Akipiga chupa ngumu au ukingo wa kigae anaweza kuvunja jino, na mwenye jino lililovunjika hula kwa shida hadi ajivue gamba tena. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, au chupa yenye mrija mrefu, uguse ukuta wa ndani wa kibakuli ili maji yateremke bila kudondoka. Fanya mchana akiwa amepumzika. Kwa wenye hasira za haraka kama Pterinochilus murinus, jamii ya Afrika yenye rangi ya chungwa inayopendwa sana na wafugaji, tobolea tundu dogo juu ya kibakuli, upana wa mrija tu, ujaze bila kufungua mlango.

Linda na macho yako. Aina nyingi za bara la Amerika hurusha vinyweleo vya kuwasha kutoka mgongoni mwa tumbo, vinavyowasha kama upupu. Vinaelea juu ya maji ya kibakuli na kuganda ukingoni kama vumbi la rangi ya kahawia. Unapokiosha, unavishika. Ukijifuta jicho kwa mkono huo, vinaweza kujichimbia ndani na kuliumiza kwa muda mrefu, na hapo ni kwenda kwa daktari wa macho. Glavu, na maji ya bomba yanayotiririka, kisha mikono kwa sabuni.

Kibakuli kinakauka kila asubuhi

Kabla hujasema anakunywa sana, pitisha kidole ukingoni. Karibu kila mara utakuta uzi wa utando, au ulimi wa udongo, unaounganisha maji ya ndani na udongo wa nje. Makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo wengi tunayatumia, yanafyonza kama utambi wa taa: yakigusa maji, usiku mmoja yanatosha kukausha kibakuli na kulowesha kona nzima. Dalili ni duara la udongo mweusi, uliolowa, pembeni ya chombo.

Futa ukingo, kata utando unaogusa maji, inua chombo. Kisha fanya jaribio dogo: weka kibakuli cha pili chenye kiasi kilekile cha maji nje ya kizimba, chumba kilekile, ulinganishe baada ya siku moja. Vikipungua sawasawa, hewa yako ni kavu. Cha ndani kikipungua zaidi, ni utambi, au ni taa na mkeka wa joto. Mkeka wa joto uliowekwa chini ya kizimba unapika udongo kutoka chini, na tarantula akisikia joto huchimba kwenda chini, yaani anaufuata moto. Kama wewe mwenyewe unakaa chumbani humo bila kutetemeka wala kutoa jasho, yeye naye kwa kawaida hahitaji joto la ziada.

Amening'inia ukutani, hataki kukanyaga chini

Hili linanitia wasiwasi kuliko kufukia. Ikiwa umemletea nyumba mpya, kupanda kuta siku za kwanza, pengine wiki mbili, ni kawaida. Aina za mitini kama Avicularia avicularia na Caribena versicolor makao yao ni juu, hiyo si dalili. Lakini tarantula wa ardhini aliyekaa wiki kadhaa chini, kisha baada ya wewe kumwagilia akapanda ukutani au akasimama juu ya kibakuli amejibanabana kama mtu aliyekimbia mafuriko, anakuambia udongo umelowa mno.

Usimwache hivyo. Tumbo lake ni jepesi kupasuka, na kuanguka kutoka juu ya kizimba kunaweza kumuua. Ndiyo maana kwa wa ardhini umbali kutoka udongo hadi mfuniko usizidi sana urefu wa miguu yake iliyotandazwa, mara moja na nusu hivi. Ondoa udongo wa juu uliolowa, weka mkavu, fungua matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana. Usiwe na haraka ya kumshusha. Atashuka mwenyewe miguu ikipenda inachokigusa.

Aina zinazotaka unyevu, kama Theraphosa blondi wa misitu ya kaskazini mwa Amerika Kusini, mimina maji pembeni yashuke chini kabisa, juu pabaki pakavu. Sipendi ile tabia ya kunyunyizia kila siku. Inalowesha juu na kuta, inampandisha mnyama hasira, na chini ambako angejichimbia kunabaki vumbi. Kwa wa mitini matone machache ukutani yanafaa kwa sababu huyanywa pale pale, ila hewa ipite. Kizimba chenye mvuke na hewa iliyokwama kimewaua Avicularia wengi mikononi mwa watu wenye nia njema.

Amefunika kibakuli kwa utando

Angalia kwanza ni nani. Chromatopelma cyaneopubescens, yule wa rangi ya buluu na machungwa kutoka rasi kavu ya Paraguaná huko Venezuela, hufuma kila kitu kizimbani, kibakuli kikiwemo. Pterinochilus murinus naye hivyo hivyo. Kwao huo ni upambaji wa nyumba. Dondosha maji juu ya utando. Mengine yatapita yaingie ndani, mengine yatabaki juu kama umande, na atayanywa yote mawili.

Ikiwa si mfumaji wa kawaida, na ghafla ameweka zulia la utando karibu na maji au juu yake, jiulize alikula lini. Akiwa amekataa chakula, tumbo limejaa na kung'aa, na pale palipobaki upara mgongoni mwa tumbo baada ya kurusha vinyweleo pamegeuka kutoka rangi ya ngozi kuwa peusi, anajiandaa kujivua gamba. Baadhi hupenda kufanya hivyo jirani na kibakuli. Toa mdudu yeyote aliye hai, jaza maji bila kuvuruga utando, uondoke. Atalala chali. Tafadhali, usimgeuze, usimnyunyizie, usimguse. Kila mwaka kuna wanaomwona tarantula chali na kumwinua wakidhani amekufa, wakamwua wao.

Akishatoka kwenye gamba, maji ni ruksa hata siku hiyo hiyo. Chakula kisubiri hadi meno yageuke kutoka meupe, kupitia mekundu, hadi meusi: siku chache kwa kitoto, wiki moja au mbili kwa mkubwa.

Amekaa juu ya maji muda mrefu

Kunywa kwenyewe huchukua muda. Mdomo uko chini, katikati ya meno, na nyuma yake kuna tumbo la kunyonyea linalovuta kama pampu. Anashusha mbele, anainua nyuma, meno yanatanuka, kidari kinagusa maji. Ukiinama na kumtazama kwa ubavu utaona maji yamepanda kidogo kuzunguka mdomo kama yanavyopanda kwenye ukingo wa glasi, na yeye hasogei hata unyoya. Jike wangu amewahi kukaa hivyo zaidi ya nusu saa baada ya kujivua gamba. Aliponyanyuka, tumbo lilikuwa limebadilika kwa macho.

Akirudi siku mbili au tatu mfululizo, pima joto na ukavu. Jike mwenye mayai, aliyejivua gamba karibuni, au aliyesafirishwa, hunywa sana. Taa inayomulika kizimba humfanya akae juu ya maji kwa kuwa pale ndipo palipopoa. Wengine hukalisha tumbo lenyewe majini. Nikiona hivyo huanza na udongo na joto kabla ya kufikiria kingine, na mara nyingi kulowesha upande mmoja wa udongo kunatosha kumtoa.

Usiogope atazama. Nywele zake hushika tabaka la hewa zinapogusa maji, kwa hiyo huelea, na wapo kama Hysterocrates gigas wa Kamerun na jirani zake wanaojulikana kuingia majini wenyewe. Kibakuli kwa mkubwa kiwe na upana wa kutosha kuweka sehemu ya mbele ya mwili, na kina cha sentimita moja au mbili. Kitoto kisichofika ukubwa wa kucha, tone moja ukutani na udongo wenye unyevu upande mmoja vinamtosha, kisha kifuniko cha chupa akikua. Vitoto hukauka haraka kuliko wakubwa. Hapa uvivu wa wiki moja unaonekana.

Asipoondoka juu ya maji, hali chakula, na anaonekana mzito, sehemu ya mwisho inamhusu.

Maji yananuka au yamebadilika

Ukifuga tarantula kibakuli kitakuwa choo. Yale matone mazito meupe yanayokauka kama chokaa ni kinyesi chake, na wengi wanakilenga kibakuli hasa. Vile vidonge vyeusi vilivyosokotwa ni mabaki ya chakula. Amefyonza maji ya nyama, maganda ameyatupa. Kwa upande wa usafi anakurahisishia kazi. Osha kwa maji ya moto na brashi ngumu, hasa ule utelezi wa sakafuni mwa chombo, kwa sababu kubadilisha maji bila kuusugua ni kuwahamishia vijidudu maji mapya. Madoa ya chumvi ya maji hutoka kwa siki. Maji ya bomba unayokunywa wewe yanamfaa.

Nyenje wa chakula waliozama ndio huvundisha haraka zaidi. Weka jiwe dogo lenye ncha nje ya maji wapandie, na toa ambaye hajaliwa ndani ya siku moja. Sponji toa leo. Ilishauriwa zamani ili wadudu wasizame, lakini inafuga bakteria, na tarantula anahitaji uso wa maji ulio wazi kuzamisha mdomo.

Vidudu vyeupe vidogo vinavyoruka ukivigusa, vikielea juu ya maji, kwa kawaida havina madhara. Vinakula ukungu, na wapo wanaoviweka kwa makusudi. Vya mviringo vinavyotambaa polepole na kukusanyika ukingoni ni utitiri: kausha udongo, ondoa mabaki, na ukiwaona wamejazana kwenye viungo vya miguu au mdomoni, badilisha udongo wote. Usipulize dawa ya wadudu, hata chumba cha pili. Tarantula anayetembea kwa kushtukashtuka, miguu haielewani, nyumba iliyopulizwa dawa karibuni, msogeze kwenye hewa safi, mpe kizimba kisafi na maji.

Akipindua kibakuli au kukiburuta, tumia cha kigae kizito. Hakuna zaidi ya hapo.

Sijawahi kumwona akinywa

Hunywa usiku, na maji mengine huyapata kwa wadudu anaowala. Jike wa Brachypelma hamorii anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na wapo wafugaji waliowaona wa kwao wakinywa mara za kuhesabika. Tumbo likiwa la mviringo, anakunywa. Kama kibakuli hakijaguswa na tumbo linapungua, dondosha maji karibu na mlango wa shimo lake, umletee nyumbani.

Tumbo limenywea, miguu inajikunja

Tofautisha kwanza. Aliyelala chali au ubavu, miguu imetawanyika, anajivua gamba: ondoka. Aliyesimama kama kawaida lakini miguu imekunjwa chini ya mwili kama ngumi inayofungwa, huyo anakufa, na chanzo ambacho unaweza kukitibu ni kiu.

Chukua kisahani bapa chenye maji ya milimita chache, yasiyo ya baridi. Mwinue kwa kitu kipana, kama kadi ngumu, umweke kidari ukingoni na mdomo ukigusa maji, nyuma pawe juu kuliko mbele. Tumbo lisiingie majini: mapafu yake manne, yaliyopangwa ndani kama kurasa za kitabu, yanafunguka upande wa chini wa tumbo. Asipoweza kujishikilia, mlaze chali kwa uangalifu kwenye kiganja chenye glavu au kwenye karatasi laini, na kwa bomba la sindano weka tone moja mdomoni, katikati ya meno. Likitoweka, weka jingine. Usisukume. Nimewahi kukaa na kitoto cha Grammostola pulchra toka saa mbili usiku hadi saa saba, tone kwa tone, na mguu wa kwanza kunyooka ulikuwa wa nyuma kulia. Alipona.

Wapo watakaokwambia umtie kwenye kopo lenye karatasi zilizolowa, joto na mvuke. Mimi sifanyi hivyo tena. Maji anayoyahitaji yanaingia kwa mdomo, na kopo lile linamwongezea hewa nzito na ukungu wakati hana nguvu. Mweke mahali patulivu, pa joto la kawaida, maji yakiwa mdomoni, kisha shughulikia kilichomkausha: mkeka, kibakuli kilichokaa mkavu, au kitoto kilichosahauliwa kwenye udongo wa vumbi.

Dume aliyekomaa, mwenye vipapasi vilivyovimba ncha kama glavu za ndondi, hunyong'onyea na kukunja miguu ndani ya mwaka mmoja au kidogo zaidi baada ya gamba lake la mwisho. Mpe maji. Hapo ni umri.

Weupe kati ya meno, hatoki juu ya maji

Hali chakula wiki kadhaa. Amejikunyata juu ya kibakuli au pembeni yake. Anatembea kwa ncha, polepole. Ukimulika kati ya meno unaona kitu cheupe, chenye unyevu, kama malai. Shuku minyoo ya mdomoni.

Hakikisha kabla hujahukumu. Mabaki ya chakula au kinyesi kilichokauka ni vikavu na havisogei. Lowesha pamba ya kusafishia masikio, gusa ule weupe kwa upole, pekecha kwenye tone la maji juu ya kioo, utazame kwa lenzi au hadubini ndogo. Minyoo itaonekana kama vinyuzi vifupi vinavyojinyonganyonga bila kupumzika. Kama kuna daktari wa mifugo anayeshughulikia wanyama wa aina hii, mpigie, lakini jua kwamba hakuna dawa ya kutegemewa, na wengi wanaofikia hatua hii hawaponi.

Unachoweza kuokoa ni wengine. Mhamishie chumba tofauti, kwenye kopo rahisi lenye karatasi badala ya udongo na kisahani cha maji, ubadilishe vyote kila siku. Udongo wa zamani ufunge kwenye mfuko na kuutupa nje ya nyumba. Gome na matawi yake yaende pamoja. Kibakuli cha kigae chemsha. Vile vinzi vidogo vinavyokimbiakimbia kwenye udongo badala ya kuruka wanashukiwa kubeba minyoo hii kutoka kizimba hadi kizimba, kwa hiyo ziba matundu yote ya hewa kwa wavu mwembamba na ukague vizimba vya jirani kila jioni. Mdudu wa chakula aliyekataliwa na mgonjwa asipewe mwingine. Kibano chake kiwe chake peke yake, na katika mzunguko wako wa kuwajazia maji, yeye awe wa mwisho, kisha mikono kwa sabuni hadi viwiko.